Jinsi Nilivyokifundisha Chungu Kunyamaza

Nyie mnaojiandaa kuchagua madiwani, nasikia mnabishana huko vijiweni kwamba boksi la kura kaleta Mwingereza. Uongo. Hapa Morogoro kabla ya boksi kulikuwa na chungu, na chungu hicho nilikifinyanga mimi, kwa mikono hii ambayo leo hata kumenya kitunguu inalalamika. Kaeni chini niwaambie. Anayetaka kucheka acheke, lakini asinikatize, maana nikikatizwa naanza upya.

Kazi yangu ilikuwa ufinyanzi. Shule sikwenda. Herufi hizi nilizipata uzeeni, kwenye darasa la watu wazima, na mwalimu alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Lakini niletee donge la udongo nikwambie limetoka wapi na linataka nini. Udongo mzuri unauviringisha mwembamba kama mkia wa panya, unaukunja, haukatiki. Ukikatika, urudishe ulikoutoa, usiubembeleze. Vijana wa siku hizi mnabembeleza sana udongo. Mnabembeleza na wanaume pia, ila hilo si la leo.

Aliyenifundisha ni Bibi Semeni, dada wa bibi yangu mzaa mama. Kwetu Uluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo neno la Bibi Semeni juu yangu lilikuwa zito kuliko la baba. Alikuwa mfupi, meno mawili ya mbele hana, na maneno yake yalipita pale kwenye pengo bila kizuizi. Chungu changu cha kwanza nilikitia motoni hakijakauka, kwa haraka zangu. Kikalipuka, kikavunja vyake vitatu vilivyokuwa jirani. Hakunipiga. Alinituma nyumba kwa nyumba, kwa wanawake watatu walioviagiza, nikamwambie kila mmoja kwa mdomo wangu: "Chungu chako nimekiua mimi." Mmoja wao alilia kama kafiwa. Tangu siku hiyo sijatia kibichi motoni.

Sasa, udongo wetu wote ulitoka kwenye shimo moja kando ya mto, mlima unapoishia, si mbali na soko. Msidhani udongo ni udongo. Ule wa Mlali una mchanga mno, wa bondeni Kingolwira unapasuka ukikauka. Shimo lile ndilo lililotulisha. Bila shimo lile, wanawake wote wa mlimani waliokuwa wakiishi kwa vyungu wangebaki kukaa na mikono mitupu mapajani.

Mjerumani alipoleta reli, kila mtu akataka jengo la matofali. Hapo ndipo shimo letu likapata mchumba. Mchumba huyo aliitwa Bwana Sefu, tajiri wa mjini, mwenye duka kubwa pale mlango wa soko. Alisema udongo ule umeumbiwa matofali, na wanawake watafute pengine. Mwenye kukata neno alikuwa Mjerumani wa boma, tuliyemwita Bwana Shauri kama walivyoitwa wote wa cheo chake, lakini mambo yote ya soko na ardhi iliyolizunguka aliyauliza kwanza kwenye baraza la soko. Watu watano. Nao walikuwa nani? Bwana Sefu mwenyewe. Mkwewe. Mpwa wake, kijana mmoja mtanashati akiitwa Jumaa. Muuzaji wa dukani kwake. Na mpangaji wake.

"Hilo si baraza," alisema Bibi Semeni, "hiyo ni sebule ya Sefu."

Mtauliza walichaguliwaje. Walichaguliwa na sisi! Ndiyo. Kila mwaka Bwana Shauri alitoa amri kwamba kila mwenye nafasi ya kuuzia sokoni aje achague. Hakukumbuka kuwa wenye nafasi wengi ni wanawake. Akida, yule mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani kututawala, alikumbuka vizuri sana, lakini nani angemkosoa Bwana Shauri na kiboko kinaning'inia ukutani? Basi wagombea walisimama uwanjani, na sisi tukajipanga nyuma ya tunayemtaka. Akida akapita na fimbo akihesabu vichwa. Na Bwana Sefu akakaa kwenye kiti chini ya mwavuli, kimya, akitazama nani yuko nyuma ya nani. Hakutisha mtu. Alitazama tu. Wiki iliyofuata, aliyesimama pabaya alikuta nafasi yake imehamishiwa kwenye tope, karibu na wachinja mbuzi.

Mwaka ule wa shimo tulimsimamisha mtu wetu, Mjomba Madenge, kaka wa mama yangu, muuza mboga. Mtu mzuri, mpole, usingizi mwingi. Tulikubaliana asitetereke mtu. Siku ilipofika, nyuma ya Mjomba Madenge walisimama watu wanne: wake zake wawili, Bibi Semeni, na mbuzi mmoja aliyepotea njia.

Mimi je? Mimi nilisimama nyuma ya Jumaa. Sitawaficha. Nafasi yangu ilikuwa pazuri, karibu na kisima, na Bwana Sefu alinitazama mara moja tu, miguu ikakwenda yenyewe. Jioni Bibi Semeni hakunigombeza. Alinipa ugali, akanipa mboga, akakaa mbele yangu.

"Chausiku," aliniambia, "leo nimekiona kisogo chako. Kizuri. Umekisuka?"

Nikarudisha tonge sahanini.

"Bibi, yule mtu ananitazama!"

"Najua anakutazama. Hata mimi ningekuwa na umri wako ningeogopa. Kwa hiyo dawa si kukupa moyo, maana moyo huna. Dawa ni kumfumba macho yeye."

Dawa yenyewe tulikuwa nayo siku zote, ila hatukuwahi kuifikiria nje ya kazi yetu. Sisi wafinyanzi tulichoma vyungu kwa pamoja, moto mmoja mkubwa wa magome na nyasi. Mmoja ndiye anayeuwasha na kuutawala, na vyungu vikipasuka yeye ndiye wa kulaumiwa mpaka msimu ujao. Ukimtaja mtu hadharani kwamba hafai, mnakosana maisha. Kwa hiyo vijungu viliwekwa nyuma ya ghala, kila mwanamke anayefaa na chake. Unapita peke yako na harage moja mkononi, unatumbukiza unapotaka, unatoka unaimba. Hakuna aliyejua nani kamkataa nani. Tulichekeana usoni na moto ukawashwa na anayeujua.

"Hivyo ndivyo tutakavyochagua baraza," Bibi Semeni akasema. "Na kila safu ya soko itoe mtu wake. Safu yetu ya mboga na vyungu, mmoja. Nafaka, wale wanaoleta karanga na mahindi kutoka Gairo, mmoja. Samaki wakavu, mmoja. Nguo na shanga, mmoja. Chumvi na mafuta, mmoja. Sefu apiganie kiti kimoja cha nguo, asitoe watano kutoka ukumbini kwake."

"Na nani atamwambia Bwana Shauri?"

"Kabichi zitamwambia."

Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kabichi, karoti, viazi vya Wazungu, vyote vilitoka mlimani, hasa kwa wale wenzetu wa misheni waliopewa mbegu na mapadri. Bibi Semeni akapanda mlima na mkongojo wake, akazungumza na Waislamu, akazungumza na Wakristo, na wote walikuwa na kisa chao na Sefu. Tukaacha kushuka. Siku ya soko ya kwanza watu walidhani tuna msiba. Ya pili, mpishi wa boma alipita safu yetu na kapu tupu akikanyaga majani makavu. Kabla ya ya tatu, akida mwenyewe alipandishwa mlima kuja kutuuliza tuna nini.

Mtu wa pwani hajui mlima. Alifika kwetu amefungua vifungo vyote, kilemba kimemlegea, anahema kama mvukuto. Akaanza kwa ukali.

"Nyinyi wanawake..."

"Bwana Akida," Bibi Semeni akamkata, "kwetu hapa mkubwa anaamkiwa kwanza."

Akida akatazama huku na huku. Askari wake alikuwa bado kule chini, anashikilia mti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mpeni maji asije akatufia hapa, tukaambiwa sisi."

Akanywa kata mbili. Kisha akasikiliza. Bibi alipofika kwenye habari ya chungu, akida alicheka mpaka akapaliwa, lakini aliyachukua maneno kama yalivyo, maana hakutaka kuupanda tena mlima ule. Na Bwana Shauri akakubali. Msijidanganye kwamba alitupenda. Wajerumani walipenda utaratibu kuliko wali, na hili la safu na vyungu lilikuwa na utaratibu. Na kabichi alizitaka. Akaweka siku.

Kazi ikaniangukia mimi. Bibi alisema aliyeonyesha kisogo ndiye atakayefinyanga. Kwa safu yetu ilitosha kutengeneza viwili, cha Mjomba Madenge na cha Jumaa, maana Jumaa hakuona haya kugombea safu ya mboga na hajawahi kushika jembe. Nilivifanya vya shingo nyembamba ili mkono usiingie. Nilivilainisha kwa gunzi, nikavisugua kwa kijiwe cha mtoni mpaka vikang'aa, nikavikausha kivulini taratibu. Cha Mjomba nilikichora jembe, cha Jumaa nikakichora kofia. Vilitoka motoni vizuri, vigumu kama jiwe. Nikavileta kwa Bibi nimejaa majivuno.

Akakaa ameupa ukuta uso wake. "Tumbukiza kokoto. Popote unapotaka."

Nikatumbukiza.

"Madenge."

Nikatumbukiza tena.

"Jumaa. Jumaa tena. Madenge."

Hakukosea hata mara moja! Chungu kizuri kinalia, na kila kimoja kina sauti yake. Kimoja kilisema ting, kingine tung. Sefu asingehitaji kutazama safari hii, angekaa chini ya mwavuli wake amefumba macho, anasikiliza kura zetu kama kasuku.

Basi nikaanza kukifundisha chungu kunyamaza. Nilitia mchanga ndani, kikanyamaza, lakini vitu vikazama visionekane. Nilitia pumba, siku ya pili wadudu wakahamia. Nikatia majivu, ukitumbukiza linatoka wingu kama shetani anapiga chafya. Mwisho nikakumbuka pamba. Ile ile pamba Wajerumani waliyotulazimisha kulima hata pale ilipokataa kuota. Nikaweka tabaka nene chini ya kila chungu. Bibi akakaa ameelekea ukutani, mimi nikatumbukiza, nikatumbukiza tena.

"Anza basi," akasema.

"Nimeshamaliza, Bibi."

Hapo ndipo nilipoona pengo lake lote.

Ikabaki kitu cha kutumbukiza. Maharage hayafai, maharage kila mtu anayo nyumbani, anaweza kuja na debe. Tukafinyanga gololi za udongo, ndogo kama jicho la mbuzi. Kila moja nikaibonyeza kwa ukucha wa dole gumba, nikazichoma ndani ya moshi zikatoka nyeusi. Zikakabidhiwa kwa akida ndani ya kapu, atoe moja kwa kila mwenye nafasi sokoni. Zilizobaki arudishe.

Kosa letu lilikuwa hapo. Tulimfumba macho Sefu, tukamwachia akida kapu.

Siku ya kuchagua walitundika jamvi kukinga vyungu. Unapewa gololi yako, unaingia, unatoka upande wa pili. Sefu alikaa kwenye kiti chake, lakini safari hii hakuwa na la kutazama ila jamvi. Hata hivyo uso wake ulikuwa mtulivu, na mimi utulivu ule haukunipendeza. Nilipoingia, miguu ilitaka kwenda kwa Jumaa kwa mazoea. Nikaitazama kofia, nikalitazama jembe. Nikatia kwenye jembe. Kimya! Sijawahi kusikia kimya kitamu namna ile.

Mchana vikaletwa mbele ya Bwana Shauri, vikamiminwa juu ya majamvi mawili. Safu yetu tulikuwa watu kama themanini. Cha jembe kilitoa hamsini na kitu. Cha kofia kikamimina, kikamimina, mpaka gololi zikaviringika miguuni mwa watu. Nyingi kuliko sisi sote na mbuzi zetu.

"Jumaa ameshinda," akasema akida haraka haraka.

Bwana Shauri alikunja uso. Naye alijua kuhesabu. "Gololi zote hizi zimetoka wapi?"

"Kapu lilikuwa na nyingi, Bwana Mkubwa. Huenda wanawake hawa walizifinyanga kupita kiasi, sasa wanajuta. Tazama, zote nyeusi, zote zina alama ya ukucha."

Ilikuwa kweli, zote zilifanana. Bwana Shauri akasema basi, kama haiwezekani kuzitenganisha, tutarudi kwenye mstari kama zamani. Nikamwona Sefu akijiegemeza kwenye kiti. Hicho ndicho alichokitaka! Ushindi wa Jumaa hakuuhitaji, alihitaji chungu kionekane hakifai. Mstari ukirudi, sisi tumekwisha, na shimo limekwenda.

Mimi nilikuwa karibu na jamvi. Sikufikiri. Niliinama, nikaokota gololi moja ya Jumaa, nikaitia mdomoni, nikaiuma. Ikameguka kama kashata. Ladha ya tope.

"Wewe mwanamke!" Akida akapiga kelele. "Unakula kura?"

"Hii si kura," nikasema, mdomo umejaa. "Hii haijaona moto."

Jino langu hili la pembeni mnalolicheka nililiharibu siku hiyo, maana niliuma na moja yetu ili Bwana Shauri asikie inavyolia. Kwaa! Watu wakashtuka.

Bibi Semeni hakupoteza muda. Alivuta ndoo ya maji ya punda wa boma, akasema, "Bwana Mkubwa, udongo uliopita motoni hauogopi maji. Ambao haukupita unayeyuka. Mtoto wa mfinyanzi anajua hilo kabla hajaota meno. Nipe ruhusa nizinyweshe."

Bwana Shauri akatikisa kichwa kukubali. Gololi za Madenge zikaingia kwanza, zikakorogwa kwa mti, zikatoka zile zile, zinang'aa. Kisha zikaingia za Jumaa. Bibi alikoroga taratibu, kama anayepika uji wa mzazi. Maji yakawa meusi kwa masizi waliyozipaka, kisha yakawa mazito. Alipoinua kipande cha kitambaa alichochujia, zilikuwa zimebaki ishirini na chache.

"Bwana Jumaa," akamwita, "njoo uchukue uji wako kabla haujapoa."

Soko zima lilicheka, mpaka askari. Jumaa maskini alificha mikono nyuma, lakini kucha zake tulikuwa tumeshaziona. Wanaume wa mjini! Akida aliwapelekea mfano kutoka kapuni, wakafinyanga, wakabonyeza, wakapaka masizi, wakaanika juani. Wakadhani jua ni moto. Wangemuuliza mwanamke mmoja tu, angewaambia.

Akida alihamishwa baadaye, wakasema kwa sababu nyingine. Mjomba Madenge akaingia barazani. Nafaka wakaingiza mtu wao, samaki wakaingiza wao, chumvi ilibaki na mkwewe Sefu, na Sefu mwenyewe akapata kiti cha nguo.

Msidhani kazi iliishia hapo. Wengi wenu mnadhani hivyo, mnachagua mtu kisha mnakwenda kulala. Baraza lilipokaa kuamua habari ya shimo, lilikaa kwenye veranda ya boma, na sisi tukakaa uwanjani na vikapu vyetu. Mjomba Madenge akaja. Amevaa kanzu mpya. Nyeupe, ya kitambaa chepesi, ambayo mtu wa kabichi hainunui.

"Kanzu imekupendeza, kaka," mama yangu akamwambia akipita. "Nani kakushonea?"

Alikwenda kukaa, akawa anatazama dari.

Wakaulizwa mmoja mmoja. Sefu: shimo litolewe. Mkwewe: litolewe. Nafaka: libaki. Samaki: libaki, maana na wao wanapikia nini? Akabaki Mjomba. Akakohoa. Akapangusa jasho kwa mkono wa kanzu ile. Akaanza kusema kwamba mambo haya yana pande mbili, kwamba matofali nayo ni maendeleo.

Hatukupiga kelele, kiboko kilikuwa pale pale ukutani. Bibi Semeni alitia mkono ndani ya kikapu chake, akatoa gololi moja nyeusi, ya zile tulizozichukua baada ya kuhesabu, akaishika juu kwa vidole viwili. Nikatoa yangu. Mama akatoa yake. Hamsini na kitu tuliomweka pale, kila mmoja ameinua moja, kimya kabisa, tunamtazama tu, kama alivyokuwa akitazama Sefu.

Mjomba alianza kwetu, akazipitia zote kwa macho mpaka mwisho wa uwanja.

"Shimo," akasema, "ni la wanawake. Libaki."

Siku ile ile tulishuka kuchimba. Mjomba Madenge alikuja nyuma yetu bila kuitwa, akatubebea vikapu vya udongo mbichi, kimoja baada ya kingine, kutoka mtoni mpaka sokoni, akiwa ndani ya kanzu ya Bwana Sefu. Matope yalimpanda mpaka shingoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aivue.